Kilomita Nne za Baba

Jumatatu, 3 Machi

Leo Mkuu wa karakana kaniita ofisini kwake, kafunga mlango. Mlango wenyewe bawaba zimekufa, kwa hiyo kauegemea kwa mgongo. Nikajua hapa kuna neno. Kanipa barua niisome mwenyewe.

Barabara kuu, kuanzia kilomita ya thelathini na nane hadi ya arobaini na mbili, itapewa jina la baba yangu. "Kwa kutambua mchango wake katika kupigania haki za raia." Bango litengenezwe na karakana yetu ya alama za barabarani. Hafla ni Jumamosi, tarehe ishirini na mbili. Yaani herufi za jina la baba nizikate mimi, kwa kisu kilekile ninachokatia "Punguza Mwendo."

Mkuu ananitazama, anasubiri nifurahi. "Hongera, dada." Hongera ya nini? Nimemuuliza tu bango liwe na upana gani.

Halafu kaniuliza, kwa adabu kabisa: eti mzee alifanya nini hasa? Sikumkasirikia. Ni kijana, alizaliwa mambo yameshapita. Nikamwambia. Baba alikuwa karani wa stendi, yule wa kupuliza filimbi basi liondoke. Watu walimwita Filimbi, wengine wala hawakulijua jina lake. Enzi hizo sisi wa upande huu hatukuruhusiwa kuvuka kizuizi cha kilomita arobaini bila kibali cha maandishi. Hata kwenda hospitali. Hata kwenda kuzika. Siku moja baba kapuliza filimbi, watu mia nne na zaidi wakamfuata kwa miguu hadi kizuizini bila kibali hata kimoja. Siku ya kwanza wakarudishwa. Ya pili wakapigwa. Ya tatu wakamchukua.

"Halafu?" kasema Mkuu.

Halafu basi. Nilikuwa na miaka minane, sasa nina arobaini na miwili. Karatasi ya serikali inasema, "Alitoroka chini ya ulinzi." Hatujaona mwili, hatujaona kaburi, hatujaona hata ukucha.

Kilomita nne! Barabara ina mia tatu na kumi na sita, mtoro kapewa nne. Na hapo penyewe hapana hata duka. Pana mizani ya malori, makalavati ya kupitishia maji na vumbi.

Mama bado sijamwambia.


Jumanne, 4 Machi

Nimechelewa. Kaka kaniwahi.

Nimerudi kazini nikamkuta sebuleni, suti, viatu vinang'aa, kakaa kwenye kiti cha baba ambacho hakikaliwi na mtu. Kumbe anajua tangu wiki mbili zilizopita! Kumbe ni Mwenyekiti wa Kamati ya Familia. Familia yenyewe tuko watatu. Kamati ina watu saba.

Mama alikuwa anakunja nguo. Kamsikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza. Halafu kauliza, "Wamesema yuko wapi?"

Kaka: Mama, hii ni heshima kubwa, viongozi watakuja, redio itakuja.

Mama: "Sikuuliza nani anakuja. Nimeuliza baba yenu yuko wapi."

Kaka katoa fomu. Ridhaa ya Familia, ukurasa mmoja. Chini kuna mstari wa sahihi, na chini ya mstari pameandikwa: Mjane. Mama kaisogeza karibu na macho. Miaka thelathini na minne, kila ofisi, kila zahanati, wakimuuliza hali ya ndoa Mama anajibu, "Nimeolewa." Makarani wamecheka, wamesonya, amejibu hivyohivyo.

Kairudisha fomu. Kasema wakimwambia alipo, atasaini siku hiyohiyo, hata kwa damu. Kaendelea na nguo zake.

Kaka kaniangalia mimi! Kana kwamba nimemfundisha.


Jumatano, 5 Machi

Bwana Ratiba kaja karakana. Ni yule wa itifaki, hilo jina nimempa mimi, maana hawezi kusema hata "habari za asubuhi" bila kuchungulia karatasi yake. Kaleta maneno ya bango. Jina kamili la baba, la kwenye kitambulisho, majina matatu ambayo hakuna mtu barabarani atakayejua ni ya nani. Nikasema tuweke "Filimbi," hata kwenye mabano. Kasema halina hadhi.

Chini ya jina: miaka. Wa kuzaliwa, deshi, halafu wa kufa.

Nikamuuliza, baada ya deshi nikate mwaka gani?

Kachungulia ratiba. Kachungulia tena. Maana akinipa mwaka, basi baba alikufa. Na kama alikufa, alikufia wapi, mikononi mwa nani? Na mafaili yao yanasema alitoroka! Jasho lilimtoka yule bwana, na feni ilikuwa inazunguka.

Kaenda nje kupiga simu. Karudi. "Ondoa miaka."

"Yote?"

"Yote, dada yangu. Bango lisijae maneno."

Basi baba hakuzaliwa pia. Nimecheka mpaka Mkuu akatoka kuangalia kuna nini. Chooni ndiko nilikolilia.


Ijumaa, 7 Machi

Nimeanza. Bati tulilopewa si jipya. Ni desturi yetu, bati la zamani tunaligeuza, tunalisugua, tunaandika upande wa pili. Nyuma ya baba pameandikwa MIZANI KM 2. Nimelisugua mwenyewe, sikutaka mtu aguse.

Herufi nne tu leo.


Jumatatu, 10 Machi

Kaka tena. Safari hii kanifuata kazini, kanivuta nje kwenye nguzo zilizolazwa. Anataka nimbembeleze Mama. "Wewe anakusikiliza." Nikamwambia Mama hasikilizi mtu, anasubiri mtu.

Kaja juu. Kasema sisi wanawake wa nyumba hii tunapenda kidonda kuliko dawa. Nikamwambia hao wanamvika baba kilemba cha ukoka na yeye ndiye anayewashikia kioo. Tulirushiana maneno mbele ya wachimbaji wetu wa mashimo ya nguzo, wote wakajitia wanahesabu misumari.

Halafu kakaa juu ya nguzo, na suti yake. Kasema taratibu, wala si kwangu hasa, kwamba amechoka kuwa mtoto wa mtu aliyepotea. Shuleni mtoto wa mtoro. Kazini mtoto wa mkorofi. Kila simu ikilia anadhani wamempata. "Mimi nataka kuwa mtoto wa barabara, basi. Barabara haipotei."

Alikuwa na miaka kumi na mmoja siku ile. Yeye ndiye aliyetumwa kizuizini na sufuria ya chakula cha baba, akaambiwa arudi nacho. Nilisahau. Au nilijisahaulisha.

Sikumwomba radhi. Nilikuwa nimekasirika bado. Nimekasirika hata sasa.


Jumanne, 11 Machi

Sijui nianzie wapi. Niandike kama ilivyokuwa.

Saa sita mchana kaja Mzee wa Greda. Alikuwa dereva wa greda la kusawazisha barabara, kastaafu miaka, lakini kila mwezi huja kukaa kwenye benchi la karakana, kusalimia vyuma. Anaongea na kila mtu isipokuwa mimi. Siku zote nilidhani ananiogopa kwa sababu ya jina la baba, wapo wengi wa aina hiyo. Leo kanijia moja kwa moja stoo, kofia mkononi.

"Mwanangu, bango la Filimbi mtalisimika wapi?"

Nikamwambia: kilomita arobaini na moja, kalavati la tatu baada ya kizuizi cha zamani. Nimepachagua mimi, kando ya barabara ni pana, bango linaonekana.

Kakaa. Kwenye kopo la rangi, rangi mbichi, wala hakuona. "Pale usichimbe," kasema. "Chagua pengine popote. Pale usichimbe."

Kwa nini?

Kashika magoti. Nikamfungia Mkuu nje ya stoo — Mkuu! — nikachuchumaa mbele ya yule mzee nikamwambia: hutoki hapa.

Kasema. Barabara ilikuwa bado ya vumbi, wao wanaipanua, wamepiga kambi. Asubuhi, jua halijatoka, askari watatu wakamtoa kitandani. Wakampeleka kwenye kalavati la tatu na greda lake. Kulikuwa na udongo mbichi kando ya barabara, umefukiwa ovyo, mita moja haifiki. Wakamwambia sawazisha. Hakuuliza. "Ningeuliza ningekuwa wa pili, mwanangu." Na juu ya udongo palikuwa na filimbi. Imebaki nje na kamba yake ya kusuka, nyekundu na nyeupe.

"Niliiona. Nikashusha bapa la greda."

Kapita mara nne, kwenda na kurudi. Halafu wale askari wakampa chai, akanywa. Hiyo chai ndiyo aliyoirudia mara tatu. Ilikuwa na sukari nyingi.

Nilitaka kumpiga. Nasema kweli, nilishika spana. Mzee wa miaka themanini, suruali imelowa rangi nyeupe, analia bila sauti, na mimi nimeshika spana. Nikaiweka chini. Nikamletea maji.

Upande gani? Kasema: wa kushoto. Nikamwambia twende ukanionyeshe. Kakataa. Kasema tangu siku ile hajapita pale hata kwa basi, huzunguka njia ya juu, miguu inakataa.

Miaka thelathini na minne. Nimepita pale mara ngapi? Mimi ndiye niliyeweka alama za kona za barabara ile. Nimekula chakula changu cha mchana nimekaa juu ya kalavati la tatu!


Jumatano, 12 Machi

Nimeenda kazini. Nimerudi. Mama kaniuliza naumwa nini. Nimesema kichwa.


Ijumaa, 14 Machi

Nimemwambia.

Alikuwa anachambua mchele, sinia mapajani. Nilisema yote bila kupumzika, hata chai. Vidole vyake havikusimama. Mawe kule, mchele huku.

Nilipomaliza kauliza jambo moja. "Kamba alisema rangi gani?"

"Nyekundu na nyeupe."

Hapo vidole vikasimama. "Niliisuka mimi. Uzi mwekundu ulikuwa wa sweta lako."

Tukakaa. Nilitaka kumshika, nikaogopa, maana Mama ukimshika kabla hajataka anakuondoa mkono kama nzi. Nikaanza kueleza nilivyofikiri: twende polisi, twende kwa wakili, tuombe kibali cha kufukua. Kacheka! Mama kacheka. Kibali kutoka kwa nani? Kwa walewale? Waende usiku wamhamishe?

Kweli.

Halafu kasema, "Hilo bango lenu. Nguzo zake mnachimba shimo la kina gani?"

Nikasema mita moja na nusu.

"Mashimo mangapi?"

"Mawili."

"Na mkichimba huwa mnaulizwa?"

Hatuulizwi. Nani amuulize mtu wa barabara kwa nini anachimba? Tunavaa fulana za kung'aa, tunaweka koni mbili, hata rais anapunguza mwendo. Na ile fomu ya Kaka — aliiacha kabatini, niliikimbilia — mstari wa nne unasema wazi: familia inaridhia uchimbaji na usimikaji. Imeshatiwa muhuri na wakubwa. Inakosa sahihi moja.

Mama kaweka sinia chini. Kaomba kalamu. Kaisoma tena fomu nzima, mdomo unatembea. Penye neno Mjane kaweka sahihi yake, ile ya kulala, ya shule za zamani. Halafu hakuachia kalamu. Kaliandika lile neno upya pembeni, kwa mkono wake mwenyewe, herufi kubwa: MJANE.

Ndipo akalia. Mama yangu, sijawahi kumsikia akilia, sikujua analia kwa sauti nene vile. Nilimshika, na hakuniondoa.

Baadaye, uso umevimba, kaniambia nisimwambie Kaka. Ataenda kuuliza kama inaruhusiwa.


Jumatatu, 17 Machi

Nimejaza karatasi ya mahali pa nguzo. Kilomita arobaini na moja na mita mia mbili, hatua sita kutoka kwenye kalavati, KUSHOTO. Kwetu kushoto ni kushoto ukitoka mjini, hakuna mjadala, kila ramani na kila karatasi inahesabu kuanzia mjini. Mkuu kasaini bila kusoma, huku anakula karanga. Namshukuru kwa uvivu wake.

Kaka kafurahi kupata fomu, kanikumbatia. "Nilijua utamweza Mama!" Nilijisikia vibaya. Kidogo.


Jumanne, 18 Machi

Bango limekwisha. Majina yake matatu, meupe juu ya kijani. Mkuu kaomba nilimulike tochi, likawaka lote. Wachimbaji wakapiga makofi. Pembeni kabisa chini, mahali ambapo fremu itafunika, nimebandika herufi ndogo saba: FILIMBI. Nani atajua?

Bwana Ratiba kapiga simu. Jukwaa na mahema vitafungwa keshokutwa, upande wa pili wa barabara, mkabala na bango, ili wageni walione vizuri. Sawa, nikasema. Sisi tutakuwa upande wetu.


Alhamisi, 20 Machi

Saa tatu asubuhi. Naandikia hapahapa, juu ya kalavati. Koni zimewekwa. Mama kakaa kwenye kiti cha plastiki, nguo yake nzuri, mkoba mapajani, utadhani yuko zahanati anasubiri kuitwa. Wachimbaji wamemsalimia mmoja mmoja. Nimewaambia mama mzazi kaja kuona bango la mumewe. Hakuna aliyeshangaa.

Mchimbaji wa leo ni Shimo. Ndiyo, tunamwita hivyo, miaka kumi na tisa anatuchimbia, anajua udongo kwa sauti ya sururu. Ng'ambo wale wa mahema wanapigilia vigingi. Kaka yuko jukwaani na maikrofoni: moja, mbili, moja, mbili. Katupungia. Anadhani Mama kaja kumsikiliza akifanya mazoezi.


Saa nne na nusu. Shimo la kwanza limefika kina. Mita moja na nusu. Changarawe, mizizi, kopo la maziwa. Nimeshuka mwenyewe nikapapasa kwa mikono. Hakuna.

Mama: "La pili."


Saa sita kasoro. La pili hakuna. Shimo kasimama humo ndani, udongo mpaka kifuani, kasema udongo huu haujawahi kuguswa, dada. Umelala tangu dunia iumbwe. Ameona. Anajua tunatafuta kitu, hajauliza ni nini.

Nikamwambia chimba la tatu.

"Bango lina nguzo mbili."

"La akiba."

Kanitazama. Kashika sururu. Kaenda.

Gari la zege limefika. Dereva anasema zege halingoji mtu, likiganda mle ndani atalipeleka wapi. Msimamizi wetu wa uchimbaji, kijana, ananiuliza tunamwaga au hatumwagi. Nimemwambia atulie. Ndani mimi mwenyewe nimevurugika! Nimempa Mama tumaini la miaka thelathini na minne kwa maneno ya mzee mmoja na kopo la rangi. Kama kakosea? Kama kadanganya? Mama kasaini. Kaandika kwa mkono wake kwamba ni mjane.

Mama hajasogea kwenye kiti. Kasema, "Mwite huyo mzee."


Saa saba. La tatu nalo hakuna. Kaja! Nyuma ya pikipiki, kafumba macho, aliyemleta anasema kafumba tangu kizuizi cha zamani. Nimemshika mkono, nimemshusha. Mama kasimama. Sikujua atamfanya nini. Walitazamana. Mama kamwambia, "Mzee mwenzangu, nionyeshe." Basi. Hakumtukana, hakumwambia karibu pia.

Mzee wa Greda kafumbua macho. Kageuka. Kalitafuta kalavati. Halafu kaligeuzia mgongo bonde la kule mbele, kakunja mikono kana kwamba ameshika usukani, na uso wake — uso wake ukaelekea mjini.

Nikamsogelea.

"Mzee, unaelekea wapi?"

"Kambi ilikuwa kule mbele, mwanangu. Kilomita hamsini. Tulikuwa tunatoka kule."

Kanyanyua mkono wa kushoto. Unaonyesha ng'ambo. Unaonyesha hema la wageni, safu ya mbele, zulia jekundu.

Kushoto kwake! Miaka ishirini nahesabu barabara kutoka mjini, sikufikiri kuna mtu aliyewahi kuja kutoka upande wa pili. Mjinga mimi. Mjinga, mjinga.

Nimemwambia Mama. Sikuhitaji, alishaona mkono. Msimamizi naye kaelewa, sijui kaelewa nini, lakini kaja mbio: dada, kibali chetu ni cha upande huu tu. Karatasi inasema kushoto. Ule ni wa itifaki, hatuna ruhusa ya kugusa hata jiwe.

Mama kamuuliza, kwa upole kabisa, "Wale waliotembea hapa walikuwa na kibali?"

Kijana wa watu kaikunja ile karatasi.

Mama kanyanyua kiti chake. Nikataka kukibeba, kakataa. Kavuka barabara kuu, mguu kwa mguu, kiti kichwani, mkoba begani, lori likamsimamia, na la nyuma yake, na la nyuma yake. Hakuna aliyepiga honi. Kapita kwenye kamba za hema. Bwana Ratiba kamkimbilia na karatasi yake, anamwonyesha kiti chenye jina lake, safu ya pili. Mama kaweka kiti chake cha plastiki katikati ya zulia, kakaa, kaonyesha chini kwa kidole.

Kaka alikuwa anasoma hotuba. Imesikika hadi huku: "Baba yetu, popote ulipo—" Halafu kipaza sauti kimenyamaza. Anamtazama Mama. Anamtazama yule mzee, mkono wake bado uko juu, hajaushusha. Ananitazama mimi.

Kaka ameshuka jukwaani. Ameinama, ameshika pembe ya zulia. Nikiwa hapa sioni kama analinyoosha au analikunja. Bwana Ratiba ana simu sikioni. Dereva wa zege anapiga kelele. Shimo amefika kwenye mstari wa katikati ya barabara, sururu begani, amesimama pale, hamtazami msimamizi. Ananisubiri mimi.